SOMO LA TEKNIKI: Wateja wanaojitolea kupima programu mupya ya dekoda



Munakumbuka usiku ule wa siku ya posho dekoda ya refektware ilipokufa. Wengine walisema ni radi. Wengine walisema ni chuki ya wale waliotaka timu yetu isionekane. Hapana. Kwenye kioo cha televizyo kulikuwa maandiko ya Kifaransa yaliyosema kwamba chombo kinapokea programu mupya na kwamba kisizimwe. Mustari wa buluu ulitembea mpaka karibu nusu, ukasimama. Watu wakahesabu dakika kumi. Muchezo wa mupira ulikuwa karibu kuanza, kelele ikazidi, na mutoto mumoja wa darasa la tatu akasukumwa mbele: «Wewe uko karibu, tosha prizi, kisha urudishe!» Akatosha. Akarudisha. Tangu pale taa nyekundu ikawa inawaka na kuzimika tu, na kioo kikabaki cheusi.

Asubuhi yake mutoto yule alikuja kunitafuta mbele ya labo. Akasema: «Mwalimu, ni miye nilitosha prizi. Lakini sikuangusha kitu. Chombo kinakufa namna gani bila kuanguka?»

Swali lake lilinipendeza kuliko maneno yote niliyosikia usiku ule. Nilimujibu kidogo, lakini jibu zima ni refu, na linatupeleka mbali, mpaka Marekani, kwa watu wanaokubali programu isiyokwisha kutengenezwa iingizwe katika dekoda zao wenyewe, kwa kupenda, bila mushahara. Njo maana ninaliandika hapa, ili darasa zote zilisome.

Kwanza mufahamu kwamba dekoda ni ordinatere ndogo. Iko na ubongo wake, iko na memwari ya kazi inayosahau yote umeme ukikatika, na iko na memwari ingine isiyosahau. Katika hii ya pili njo munaandikwa programu: namna ya kutafuta shene, namna ya kufungua picha iliyokunjwa, namna ya kusikia telekomande. Kompanyi ikiona kosa, au ikitaka kuongeza kitu, haiwezi kutuma fundi nyumba kwa nyumba. Inatuma programu mupya kwa njia ileile picha zinapopitia, ni kusema kwa satelite inayokaa juu ya ikweta, kilometa 35.786 toka hapa chini.

Satelite haijui dekoda gani imewashwa na gani imezimwa. Kwa hiyo programu inatumwa vipande vipande, kisha inaanzwa tena toka mwanzo, tena na tena, sawa motokari ya abiria inayozunguka muji. Ukiikosa hapa, ungoje izunguke. Kama mvua ilikuwa nzito na kipande kimoja hakikufika vizuri, dekoda inangoja kipande kile kipite tena. Basi mustari uliosimama si lazima uwe mustari uliokufa. Pengine ulikuwa unangoja motokari yake. Usiku ule kulikuwa mvua. Ninyi wenyewe muliisikia juu ya mabati.

Sasa, kitu gani kilikufa? Memwari isiyosahau iko sawa kibao cha darasa: huwezi kuandika mapya bila kufuta ya zamani. Kuna dekoda zenye vibao viwili. Programu ya zamani inabaki kwenye kibao cha kwanza, mupya inaandikwa kwenye cha pili, inahesabiwa kama imefika nzima, na mwisho kunageuzwa alama moja tu inayosema: «Soma kibao cha pili.» Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna hasara, kibao cha kwanza kiko. Lakini memwari ni pesa, na anayetengeneza dekoda kwa maelfu anahesabu kila senti. Kuna dekoda za kibao kimoja. Hapo inafutwa kwanza, inaandikwa kisha, na kama prizi inatoka katikati, kibao kinabaki na nusu ya maneno. Dekoda inaamuka, inasoma, haielewi, inawasha taa nyekundu. Yetu, kwa namna ilivyofanya, naona ilikuwa ya kibao kimoja.

Kutoka hapo mwanafunzi mwenye akili atauliza: programu mupya yenyewe, nani anajua kwamba ni nzuri kabla haijafutia watu ile ya zamani?

Katika nyumba ya kutengeneza, maingenieri wanaijaribu wao kwa wao. Jaribio hili la kwanza linaitwa alfa, kwa herufi ya kwanza ya Kigiriki munayoiona katika jometri. Linalofuata linaitwa beta, herufi ya pili. Beta ni wakati programu inatoka inje ya mulango wa kompanyi na kuingia nyumbani kwa watu wachache waliokubali, ingali na makosa yake.

Mufano ninaoujua vizuri ni wa kompanyi ya DirecTV ya Marekani, iliyoanza kuuzisha televizyo ya satelite mwaka 1994. Kwa dekoda zake zenye diski ya kushika vipindi, ilitumia kwanza programu ya kompanyi ingine, TiVo. Mwaka 2006 ikatoa dekoda yake yenye jina HR20. Chombo kilitoka mbiombio. Watu walilalamika: kipindi walichokiomba kishikwe hakikushikwa, picha ilisimama, mara ingine kioo kilikuwa cheusi hata chombo kikiwaka. Tena ndani ya HR20 kulikuwa sehemu ya kupokea shene za antena ya kawaida ya juu ya nyumba, lakini ilikuwa imelala. Ilikuwa bado haijapewa programu ya kuiamusha. Watu walikuwa na kitu walichokilipia, ndani ya sanduku lao, na hakitumiki! Programu mupya ikaja baadaye kuiamusha.

Katikati ya shida hizo kulitokea kundi la wateja waliojitolea. Kazi yao iliitwa Cutting Edge, ni kusema makali ya kisu, na jina lilikuwa la haki maana anayeshika makali anaweza kukatwa. Ilifanyika hivi. Mwisho wa juma, usiku, kwa saa chache tu, kompanyi iliweka programu ya kujaribu kwenye satelite. Dekoda za watu wote hazikuichukua. Aliyeitaka alianzisha dekoda yake upya, na wakati kioo cha kwanza kilipotokea alifinya kwenye telekomande 0, 2, 4, 6, 8. Hapo dekoda ilijua kwamba huyu anataka, ikaanza kuchukua. Saa zile zikiisha, programu iliondolewa. Mupimaji akiona kwamba imemuharibia mambo, alifinya namba zilezile wakati mwingine, na dekoda ikachukua tena programu ya watu wote, ikarudi mahali ilipotoka.

Angalieni namna mulango ule ulivyowekwa. Mutu hakuweza kuingia kwa bahati mbaya: nani atafinya namba tano zile, wakati uleule, usiku ule, bila kujua? Na mulango wa kutoka ulikuwa wazi. Tena waliambiwa wazi: programu haijakwisha, usiiweke kwenye dekoda ambayo jamaa yako inaitegemea, na usipigie simu watu wa kusaidia wateja, kwa sababu wale hawajui programu hiyo. Yule aliye na dekoda moja tu na bibi anayependa kipindi chake cha jioni, heri asijaribu.

Kisha kazi ilikuwa kuangalia, kujaribu mambo mbalimbali, na kuandika ripoti. Waliofanya kazi ya kukusanya walipanga ripoti: kosa hili limeonekana na wangapi, kwenye programu namba gani, dekoda ya aina gani. Juma lingine programu ingine ikatokea, na kazi ikaanza tena. Hata programu ilipoonekana nzuri, haikutolewa inchi nzima siku moja. Ilipelekwa kwanza katika sehemu fulani, wakaangalia, kisha sehemu zingine.

Lakini kwa nini maingenieri hawatoshi? Wako na mashini, wako na mushahara. Hapa wale wa darasa la tano na la sita washike kalamu.

Tuseme kuna kosa la kujificha, linalotokea kwa wastani mara moja kwa kila siku 1.000 za dekoda. Hizi ni namba za mazoezi, nimezichagua mwenyewe. Labo ya kompanyi iko na dekoda 20 na inazijaribu siku 10: ni siku-dekoda 200. Nafasi ya kutoliona kosa siku moja ni 0,999. Nafasi ya kutoliona siku zote 200 ni 0,999 kwa kipeo cha 200, ni kusema karibu 0,82. Basi kwa kila makosa mia ya namna hii, labo itapitisha 82 bila kuyaona, na maingenieri hawakulala, walitumika vizuri kabisa! Sasa chukueni wapimaji 2.000 kwa siku mbili tu za mwisho wa juma. Ni siku-dekoda 4.000. Nafasi ya kutoliona inashuka mpaka karibu 0,018. Kosa litatokea kama mara ine. Na kama wateja wote ni milioni moja, na programu ikatolewa bila wapimaji, kila siku nyumba 1.000 zitaliona pamoja na hasira.

Hesabu hii inaonyesha tena kitu ambacho watu wanasahau. Mupimaji anayeandika «nimetumia siku mbili, sikuona kosa» naye amefanya kazi. Kama walioona kosa peke yao wanaandika, tunajua ni mara ngapi limetokea, lakini hatujui ni mara ngapi kwa ngapi. Mara ine kwa 4.000 si sawa na mara ine kwa 40.

Niongeze onyo moja. Hesabu imechukua kwamba wapimaji wako sawa na watu wote, na hawako. Anayejitolea ni mutu wa kupenda mashini, anayejua kusoma maelezo, mwenye dekoda ya pili na umeme usiokatika. Hafinyi butoni ovyo kama mutoto wa miaka mitatu. Hatoshi prizi mvua ikinyesha. Kwa hiyo makosa ya nyumba yake yataonekana, na makosa ya nyumba ambazo haziko katika kundi yatabaki mpaka siku ya watu wote. Nitarudi kwa neno hili.

Kuhusu ripoti, nimesoma daftari zenu za labo, najua ugonjwa. Mutu anaandika: «Programu yenu ni mbaya, imeharibu kila kitu.» Ingenieri atafanya nini na hiyo? Atasikitika tu. Mwingine anaandika: «Dekoda ya aina hii, programu namba hii. Saa mbili na dakika kumi usiku nilikuwa kwenye shene ya 5, kingine kinashikwa kwenye shene ya 9. Nilifinya butoni ya kusimamisha. Picha ilisimama, lakini sauti iliendelea. Nilingojea picha isimame pamoja na sauti. Nimerudia mara tatu, imetokea mara mbili. Wakati hakuna kinachoshikwa, haitokei.» Huyu amesema alichofanya, alichoona, alichongojea, na zaidi ya yote amejaribu kuona ni wakati gani haitokei. Sentensi ile ya mwisho inamupunguzia ingenieri usiku mzima. Na namba ya programu isikosekane, maana juma hili na juma lililopita ni programu mbili, na kosa la ile ya zamani pengine limekwisha kuondolewa.

Katika chumba cha walimu nilipoeleza mambo haya, mwenzetu wa historia alicheka akasema: «Basi Wamarekani hawa wanalipa abonema kila mwezi, na tena wanatumikia kompanyi bure. Hiyo ni salongo!» Wazee wetu wanajua alichosema, vijana waulize nyumbani. Nilimujibu kwamba salongo ukikosa walikukamata, na hawa wanaweza kulala usingizi wao bila kuulizwa. Faida wanayo: wanaona vitu vipya mbele ya wengine, na sauti yao inafika kwa yule anayeandika programu, si kwa simu inayopiga muziki. Lakini nakubali kwamba neno lake liko na ukweli ndani. Kama kompanyi inazoea kuuzisha kitu nusu-nusu na kuwaachia wateja kazi ya kukimalizia, hapo kujitolea kumegeuka. HR20 haikupashwa kutoka katika hali ile. Wapimaji waliisaidia kupona. Haina maana kwamba ugonjwa ulikuwa sawa.

Ubaya mukubwa zaidi ni kumufanya mutu mupimaji bila kumuambia. Munakumbuka mwaka 2024, tarehe 19 Julai. Kompanyi ya CrowdStrike, inayolinda ordinatere za makompanyi mengine, ilituma faili moja ya mabadiliko kwa wateja wake mahali pote kwa wakati mumoja. Ndani yake kulikuwa kosa. Iliondolewa dakika 78 baadaye, lakini Microsoft ilihesabu ordinatere karibu milioni 8,5 za Windows zilizoanguka. Ndege zilibaki chini, lopital zilirudi kwa karatasi, na kule Uingereza shene ya Sky News ilikosa kutangaza moja kwa moja asubuhi ile. Baada ya pale kompanyi ikaahidi kutuma mabadiliko ya namna ile kwa hatua, kundi kwa kundi. Watu wa dekoda walijua kufanya hivyo kwa ajili ya mupira na sinema!

Turudi kwa refektware yetu. Bwana Prefe aliniita akauliza: «Mutoto alipe au asilipe?» Kwa upande mumoja maandiko yalikuwa kwenye kioo, na yeye anajua kusoma Kifaransa. Kwa upande mwingine watu arobaini walikuwa mugongoni mwake wakipiga kelele, na hakuna hata mumoja wa arobaini aliyesoma kwa sauti. Tena nilimuambia Bwana Prefe hivi: juma lile umeme ulikatika wenyewe mara tatu. Kama ungekatika dakika ileile, chombo kingekufa vilevile, na tungemulipisha nani? Anayeuzisha dekoda katika inchi yetu anajua umeme wetu. Kumupatia muteja wa hapa kibao kimoja, halafu kumuandikia «usizime», ni kumuomba kitu ambacho hakiko mukononi mwake.

Bwana Prefe aliamua kwamba gharama itoke katika kasha la michezo, na kwamba wale waliomusukuma mutoto wafagie refektware juma zima. Munajua ni akina nani, sitaji majina.

Wakala wa mujini alifungua chombo, akakipakia programu upya kwa kamba toka ordinatere yake, kazi ya nusu saa. Ndani hakuna kitu kilichovunjika. Mutoto yule alienda pamoja nami, na karatasi yake mukononi: aina ya dekoda, saa, mvua, mustari ulisimama wapi, dakika ngapi walingoja, taa inawaka mara ngapi kwa dakika. Wakala aliisoma mara mbili. Akasema watu wanamuletea dekoda na kumuambia «imekufa», basi. Akaomba aibakize, aitume kwa wakubwa wake. Nikaongeza barua yangu chini yake, kuuliza kama kompanyi inakubali wapimaji katika miji kama yetu, maana ni hapa, si katika labo yenye umeme mwema, ambapo programu inakutana na prizi inayotoka. Mpaka leo jibu halijafika.

Wakati tunangoja, kuna kazi. Daftari ya rangi ya kijani iko karibu na televizyo ya refektware. Kila usiku dekoda inapowaka, muandike siku, saa, kama umeme ulikatika, na namba ya programu munayoisoma katika ukurasa wa maelezo ya chombo. Kama hakuna kosa, muandike «hakuna kosa», na saa ngapi mumetumia. Kama kuna kosa, muliandike kwa namna niliyoeleza juu, na mulirudie mara tatu kabla ya kuita mutu. Wale wa darasa la sita wahesabu tena mufano wangu, lakini waweke wapimaji 300 pahali pa 2.000, na waniambie kwa maandiko kama wapimaji hao wangetosha.

Muchunga daftari ni yule mutoto wa darasa la tatu. Karatasi za hesabu mumupatie yeye, mbele ya siku ya tano.